Kiambishi -ta-

Karatasi iliokotwa Jumatatu alfajiri
chini ya mlango wa bweni la Chania,
imeraruliwa kutoka daftari la hesabu, lenye miraba.
Maneno manne tu: Bweni hili litaungua. Tutakwisha.

Kufikia saa mbili naibu wetu, Bwana Kirimi,
alikuwa amefunga lango, amepigia kituo cha Kasarani,
amewatoa wavulana uwanjani, masanduku wazi:
uma za bwaloni, redio ndogo, barua ya msichana wa Ruiru,
kibiriti kimoja, njiti tatu.

Saa nne tukawakalisha ukumbini, mia moja na arobaini,
nami nikaambiwa niwasomee imla.
Mimi, Nasambu, mwalimu wa Kiswahili,
nilisimama jukwaani nikatamka polepole,
nukta nikiitaja kwa jina lake.
Mara tatu, afisa alisema,
mkono uchoke, ushindwe kudanganya.
Asubuhi tulikuwa na kitisho kimoja.
Kengele ya chakula ilipolia
tulikuwa navyo mia nne na ishirini.

Nilimjua kabla ya karatasi ya kumi.
Wengi waliandika tutaisha, kama wasemavyo,
hata nilipotamka vingine.
Mmoja huandika kwisha na w yake,
na g yake huifunga kama kamba ya kiatu.
Muthengi. Kidato cha pili.
Kitanda cha juu, kando ya dirisha.

Ofisini nikawaambia, tazameni kitenzi.
Hakuandika litachomwa. Humu hamna mchomaji.
Kuungua ni jambo linalolipata bweni,
kama maharagwe yaliyosahauliwa jikoni.
Na tutakwisha ni sisi; naye yumo.
Na hiyo -ta-, waheshimiwa, haina uso.
Nitakulipa, nitakuua, mvua itanyesha:
ahadi na kitisho na wingu
huvaa sare moja.

Afisa aliandika kitu. Kirimi akavua miwani.
Si mtu mbaya, Kirimi, niseme hilo.
Shule aliyofundisha kwanza iliwaka usiku,
akahesabu watoto nyasini mpaka hesabu ikakataa.
"Mwalimu," alisema, "mimi nikisoma neno hilo
sioni kitenzi."

Nilimkuta Muthengi nyuma ya tangi la maji.
Usiku, alisema, huhesabu vyuma vya dirisha.
Kumi na viwili. Mlango mmoja, kufuli moja,
ufunguo kwa matroni, ng'ambo ya uwanja.
"Nilimwambia kiranja. Nikamwambia mlinzi.
Ndipo nikaandika."
Mbona hukutia jina?
Alinitazama kama niliyekosea ngeli.

Majuma mawili nyumbani, Matuu, arudi na mzazi.
Barua ilitaka sahihi ya mwalimu wa darasa.
Nilitia.
Mama yake alikuja kumchukua na kikapu cha maembe
aliyokuwa amewaletea walimu,
kabla hajaambiwa anaitiwa nini.
Hakuna aliyejua ayaweke wapi.

Alhamisi fundi wa kuchomelea akafika
na mimi, mjinga, nikafurahi.
Alishusha nondo mpya.
Madirisha ya nyuma yana mapengo, bodi ilikuwa imesema,
mtu anaweza kupenyeza petroli.
Kuchoma, kuchomea, kuchomelea:
nimefundisha mnyambuliko huo miaka kumi na mmoja
na sikuwahi kuusikia.
Cheche zilimwagika juu ya kitanda kisicho na mtu,
wavulana wakitazama toka nje,
viganja vikikinga macho.

Karatasi za imla zimo katika droo yangu.
Hakuna aliyezidai.
Jana usiku nilitoa ya juu kabisa,
nikachukua kalamu nyekundu,
nikazungushia -ta- moja,
kisha nikatoka na tochi, nikavuka uwanja
nikihesabu hatua mpaka mlango wa Chania.
Mia moja na sita,
kwa mtu mzima asiyekimbia.